Supu Ikipoa

Meno mawili, mama kang'olewa leo,
ya chini, kushoto, yale aliyovunjia bungo za lozi
na kukatia uzi wa cherehani miaka arubaini.
Daktari kasema: hapana moto, hapana kigumu,
hapana kusema sana.
Hilo la tatu nililicheka kimoyomoyo.
Nani wa kumfunga mdomo Bi Shinuna?

Pamba imemfunga.

Ghubra, baada ya magharibi, joto limekaa barabarani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kati ya dobi na muuza matairi
pana mkahawa wa meza sita.
Jina lake limeandikwa kwa herufi zenye vitone juu na chini;
mama kazitazama kama mtu anayehesabu chenji.

Hakukaa kwanza. Kanyoosha kidole ukutani:
cheti cha halali, muhuri wa manispaa,
pembeni kalenda yenye picha ya paka.
Kakisoma chote, mpaka tarehe.
Ndipo akavuta kiti.

Bakuli likaja, kubwa kuliko la kunawia mikono.
Tambi za mchele. Nyama nyembamba,
ungeweza kusomea gazeti ng'ambo yake.
Rehani, nanaa, ndimu nusu,
na choroko zilizochipua, ambazo kwetu ukiziona hivyo
unajua kuna mtu kazisahau majini.
Mama kanitupia jicho.
Kisha mvuke ukamfika, pua ikafunguka,
nikajua anahesabu: mdalasini, tangawizi ya kuchoma,
karafuu mbili. Labda tatu.
Mateso, kumwona ajuaye hawezi kusema.

Supu moto. Tukangoja.

Sijapata kukaa na mama katika kimya kama kile.
Miaka yote maneno yake yalikuwa pazia,
nami sikujua kuwa ni pazia.
Nikaona pete imelegea, kaizungushia uzi isidondoke.
Nikaona mkono wa kulia unatetemeka, kidogo,
na namna anavyoukalia.

Mwenye mkahawa naye kaona.
Bi Hanh, ndala za bluu, kalamu kwenye nywele,
kasimama, kajishika shavu lake, kauliza kwa nyusi.
Mwanawe alikuwa meza ya mwisho na daftari la shule,
akainua kichwa, akatafsiri kwa Kiarabu cha darasa la tatu:
"Mama anauliza, la juu au la chini?"
Mama akaonyesha. Chini. Vidole viwili.
Bi Hanh akafunua mdomo wake, akaonyesha pengo lake,
chini, kushoto,
wakatazamana kama watu waliosoma chuo kimoja.

Akaenda jikoni, akarudi na mkasi.

Hapo nilishika pumzi.
Mama hajakatiwa chakula na mtu.
Alipovunjika mkono alikula wali kwa kushoto, chumbani,
mlango kaufunga, akimwomba Mungu radhi.
Nikataka kusema, acha, sitaki aaibike,
lakini mkasi ulikuwa umeshaingia bakulini,
tiki, tiki, tiki,
tambi zikawa fupi kama za mtoto,
na mama, wallahi, mama
alilisogeza bakuli mbele
ili mwenzake asiiname sana.

Mimi nilijitia kupambana na vijiti.
Alingoja Bi Hanh ageuke,
akalikamata bakuli kwa mikono yote miwili,
ukatulia ule mkono,
akanywa kama anayekunywa uji alfajiri ya daku,
bila kupumzika, mpaka nikaona chini ya bakuli
ua la samawati lililochorwa.

Kulipa, alinizuia. Kafungua fundo la mtandio,
katoa riali mbili zilizokunjwa nne nne,
kaziweka chini ya kijiko.

Garini sikuwasha redio.
Tulipofika mzunguko wa tatu, katoa pamba,
kaiangalia, kaifunga kwenye tishu.

"Ndimu," akasema, neno lake la kwanza tangu asubuhi,
"ilipungua. Kesho mwambie aongeze."