Ngoma Huota Moto Kwanza

Ipole, Julai. Kipupwe kimekaa magotini
kama mdai asiyeaga.
Mchana tuliungua juani tukipanga marobota;
sasa kila mtu na blanketi lake,
asiye nalo ana gunia,
na Ndekeja ana koti la mkewe
lenye vifungo vya maua,
wala haulizwi.

Visiki vitatu vya miyombo,
masalia ya msimu wa kukausha tumbaku, vimeshika moto.
Watoto wakasogea, wakafukuzwa.
Wakubwa wakasogea, wakafukuzwa pia.
"Ngoma kwanza," alisema Kalunde,
akazilaza ubavu kuuzunguka moto,
ngozi zikivuta joto, zikikaza,
naye akigonga moja moja kwa ukucha, ametega sikio:
"Bado. Huyu bado ana usingizi."

Mimi nilisimama nyuma, penye baiskeli.
Mimi karani wa mizani. Majira haya
watu hunisalimu kwa macho kwanza, mdomo baadaye.
Wiki tatu nimesoma namba kwa sauti
nao wakiutazama mshale, si mimi,
mshale unaotikisika
kama mtu aliyeulizwa mbele ya mkwe.
Nilijiambia nimefuata wanzuki tu,
na michembe ya moto yenye karanga,
niondoke kabla sijatajwa.

Msagata akachomoa zeze katika mfuko wa mbolea.
Ametoka Tutuo kwa baiskeli. Uzi ulikatika njiani,
akaweka unyuzi wa waya wa breki.
"Ndiyo maana nimewahi," akasema.
"Sikuwa na cha kunisimamisha."

Sauti haikuwa tamu. Nisidanganye.
Ilikuwa mlango wa ghala,
ilikuwa mtu anayelia kwa pua
asionekane analia.
Lakini mfupa wangu mmoja, sijui upi,
uliitika.

Ndipo manyanga yakaingia
kama mvua juu ya bati,
mvua ambayo hatutaiona hadi Novemba,
na watu, bila kujijua,
wakainua nyuso kidogo.

Akaimba majina.
Akamsifu Nyamizi, aliyejifungua pacha
na bado shamba halikubaki na jani.
Koti la Ndekeja akalipa beti mbili na nusu.
Kisha uta ukapunguza mwendo, nikajua.

*Karani, karani, mizani yako ina homa?*
*Mshale unatetemeka hata saa sita mchana.*
*Si uivishe koti basi!*

Kicheko.
Kicheko kirefu cha watu waliouza kwa bei isiyo yao,
kikapanda na cheche, kikarudi kimenielekea.
Nilitaka kujifunika; blanketi likawa leso.
Mizani yangu haina neno. Nimeikagua mara mbili.
Lakini kilo ni kilo.
Mgongo ulioinama tangu Desemba
nani ameutundika kwenye kulabu
akaita namba yake?

Kalunde akanirushia manyanga. Nikadaka,
ni nani angeacha yaanguke?
Mizani ile nyingine, ya miguu, sikuwahi kufundishwa:
nilishuka penye kupanda,
nikapanda wenzangu wamekwisha kushuka,
na gizani mtu akaita,
kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya ghalani:
"Pungufu! Robota lirudi!"

Nikarudi.
Nikarudi tena, nikarudishwa tena,
jasho likanitoka usiku ule wa baridi,
na sikumbuki blanketi nililiangusha wapi
wala ni mara ya ngapi
Nyamizi aliposema, "Haya, huyu tumpokee, daraja la mwisho."

Asubuhi moshi ulikuwa bado umelala chini,
nyasi zina umande, vidole havikunji.
Nikafika kwenye baraza la ghala.
Mizani ilikuwa imevaa koti
lenye vifungo vya maua,
vimefungwa vyote hadi shingoni.

"Mwangaluka," nikaiambia.
Sikulivua.
Nikakaa pembeni yake, mikono kwapani,
tukasubiri jua.