Kichwa Namba Kumi na Saba

Miaka miwili nilikuwa na mgonjwa mmoja tu:
kichwa cha plastiki, namba kumi na saba,
kimekazwa kwa skrubu mezani, ghorofa ya tatu, Cardiff.
Hakikutema mate. Hakikuuliza bei.
Kilifumbua kinywa saa tatu, kikafumba saa sita,
na magego yake niliyachonga hata profesa
akayapima kwa rula yake ndogo ya chuma, akasema: safi.

Nikajiona fundi.

Kisha mtaala ukageuzwa.
Nani aligonga meza, katika kikao gani, sijui;
sisi tuliona karatasi ubaoni:
Jumanne na Alhamisi, mwaka wa tatu wote,
basi la saa moja kasorobo, Abertillery.
Rhodri akasema hakulipa ada
ili akafundishe watoto kusukutua.
Mimi nilinyamaza, ila moyoni nilikuwa upande wake.

Bonde jembamba. Nyumba zimebanana
kama meno ya chini yaliyokosa nafasi,
na pale mgodi ulipokuwa, pengo.
Kliniki yenyewe ukumbi nyuma ya kanisa:
viti viwili, taa mbili, birika moja la chai,
na Glenys Probert, mwalimu wetu mpya,
ambaye hakuwa na rula.

Wa kwanza kwangu: Bwana Emlyn Tudball,
miaka sabini na mmoja, kofia mkononi.
Gego la chini halikuwapo. Palikuwa na shimo,
kingo zake zimechanika.
"Nani alilingʼoa hili?"
"Mimi. Kwa koleo, na wiski kidogo.
Daktari wa hapa aliacha kupokea watu
mwaka ule mke wangu alipofariki."
Alisema kama mtu anayeeleza namna ya kubadilisha balbu.

Nikapekua kichwani nitafute ukurasa.
Koleo halimo vitabuni.
Hamna sura ya mtu aliyesimama jikoni peke yake
mbele ya kioo cha kunyolea,
redio juu, jirani asisikie.

Basi nikaanza: daraja, kauri, mzizi wa titani.
Nilikuwa nayajua yote, niliyapatia alama.
Glenys akaniwekea mkono begani,
nami nikamsikia mama yangu, aliyeko mbali,
jino la pembe si dawa ya pengo.
"Muulize anakula nini," Glenys akasema.

Supu ya kopo. Mkate uliochovywa kwenye chai.
Sukari vijiko vitatu, Jumapili vinne.
Tangu lini? Tangu mazishi.
Na alipokuwa akiendelea kuzungumza,
ubavuni mwa ulimi, mahali ambapo nisingetazama,
doa jeupe, dogo kuliko punje ya mchele.

Kekee sikuigusa siku ile.
Niliandika barua ya rufaa; Glenys akaisoma mara mbili,
akafuta neno moja la Kilatini.
Vidole vya mzee vilikuwa na baridi yabisi,
mpini wa mswaki tukauvalisha mpira wa usukani wa baiskeli.

Kwenye kiti cha pili Rhodri alikuwa amepiga magoti,
anahesabu meno ya mtoto wa miaka minne.
Yalipaswa kuwa ishirini. Alifika kumi na moja, akaanza upya,
kana kwamba kosa ni la hesabu.
Njiani kurudi hakusema lolote.

Hospitali walijibu baada ya wiki tano: liangaliwe.
Kwa hiyo tunaliangalia,
kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kwa kioo na rula
ambayo hatimaye ilipata kazi.

Mtihani wa Juni bado ulikuwa na kichwa, bado na skrubu.
Swali jipya lilikuwa moja, mwisho kabisa, alama tano:
Mgonjwa wako anaishi wapi, na anakufikiaje?

Alama tano tu.
Niliomba karatasi ya ziada.