Kazi Yangu Ilikuwa Kuangusha

Miaka kumi na tisa nililipwa kuangusha simu:
mita moja na nusu, sakafu ya saruji,
kwa kona, kwa kioo, kwa mgongo,
kisha naiokota, naiweka sikioni.
Bado inaita? Naandika: nzima.

Leo saa tatu asubuhi, hapa Salo,
walitukusanya kantini, kahawa ya bure.
Kahawa ya bure, Irmeli alinong'ona, ni ya matanga.
Mnunuzi, mtengeneza programu kutoka ng'ambo,
hana tai, raba nyeupe pe,
akasema "familia", akasema "safari".
Mkalimani alipofika kwenye bei
alimeza mate, akairudia.

Nikawaza: sisi nani alipima kimo chetu?
Na tuliangukia kona ipi?

Reijo aliuliza kama maegesho yatabaki ya bure.
Tukacheka, tukacheka kupita kiasi,
Irmeli akafuta macho kwa kitambulisho chake.

Zamani kiwanda hiki kilitoa mabuti ya mpira.
Baba aliniachia jozi moja. Haijavuja hata leo.

Jioni nilirudi maabara kuchukua kikombe changu.
Mezani simu moja ya majaribio,
haina jina, haitauzwa.
Nikaiinua hadi kwenye mstari mwekundu ukutani.
Mkono wangu umezoea kuachia.

Nikasimama vivyo hivyo, nimeishika,
kimya, bila kutikisika,
mpaka zile taa zinazohisi mwendo
zikadhani hakuna mtu,
zikazimika.