Maandishi ya Penseli

Wamenitaka niandike mafanikio.
Kurasa mbili, walisema, na tarehe zikae sawa:
Okestra ya Hallakoski inatimiza miaka mia,
kutakuwa na keki, na meya, na kijitabu.

Basi andikeni:
iliundwa na watu kumi na wanne wa kiwanda cha karatasi,
fidla sita, zumari moja la kuazima,
na Armas Kettunen, fundi wa mtambo wa mvuke,
aliyekabidhiwa ngoma kwa kuwa ni yeye tu
ambaye kelele hazikumsumbua tena.
Andikeni nishani ya mwaka wa hamsini na nane.
Andikeni safari ya Helsinki, makofi ya dakika saba,
ingawa nilikuwapo, na zilikuwa nne.

Mimi nimeishi chini ya jukwaa,
kati ya makabati ya chuma yanayolia yakifunguliwa,
miaka thelathini na mmoja nikitunza nota
na kufuta.
Ndiyo kazi: karatasi za kukodi
zirudi kwa mwenyewe safi kama zilivyokuja.
Wapigaji huandika kwa penseli, nami hupita na raba.
Zile zetu wenyewe sikuzigusa.
Daftari la mali hii liko huko, pembezoni,
kwa mwandiko wa mtu mwenye pumziko la vipigo vitatu
na neno moja la kusema.

"Msimfuate, amelewa." Kiongozi yupi, haijulikani.
"Glavu." Hiyo ni Januari kuni zilipokwisha,
wakapiga na sufu iliyokatwa ncha za vidole.
"Binti. Kilo tatu na nusu. Saa kumi alfajiri,"
kwenye karatasi ya pembe la pili,
na chini yake, mkono mwingine:
"Hongera. Lakini uliingia mapema."

Vita havikuandikwa na mtu.
Ila kwenye viola, dawati la tatu,
Tauno na Veikko walikuwa wakitupiana utani
kila mwisho wa ukurasa.
Tangu Novemba moja mwandiko ni wa Tauno tu.
Anauliza, hajibiwi.
Kurasa kumi na moja anauliza.
Kisha anaanza kujijibu,
kwa herufi zinazolalia kushoto
kama alivyoandika mwenzake.

Hilo ni fanikio? Meya ataamua.

Kiwanda kilifungwa, okestra ikahamia ghalani mwake;
kuta zile zilizoea uzito wa karatasi
na sasa zinapokea sauti bila kuirudisha ovyo.
Anayepiga obo ni Sylvi,
kitukuu wa pembe la pili, mjukuu wa ile kilo tatu na nusu.
Nota zake zimo kwenye kioo,
hugeuza ukurasa kwa mguu.
Naye huingia mapema.

Mengine sikuwaandikia.

Mwaka ule tulikodi simfonia ndefu, ya bei mbaya.
Tamasha lilikuwa Jumamosi;
mimi nilikuwa nyuma, nahesabu viti vya akiba.
Jumatatu nilikaa na raba yangu.
Selo, dawati la pili, kipimo cha mia mbili na sita,
kwa mwandiko mdogo wa Onni Lehtovaara:
"Hilja, najua utalifuta hili.
Lakini kama utapitia nota kabla ya tamasha,
tukifika hapa kaa upande wa dirisha.
Nitainua macho."

Sikuwa napitia nota kabla ya tamasha.
Hakuna aliyewahi kuniambia nipitie.

Karatasi zilitakiwa posta kabla ya saa tisa.
Nilizifuta zote, kwa zamu yake, fidla kwanza.
Nilipofika pale nilibonyeza kidogo tu,
na vumbi lililotoka lilikuwa chache
kuliko nilivyodhani.