Kipandio cha Tisa

Magazeti ya kwao yalimwita bingwa.
Stesheni, maktaba, ukumbi wenye paa kama bawa,
vyote vyake, huko kwenye mvua.
Sisi wa Ibra tunamjua kwa kipandio kimoja.

Alikuja mwaka wa sabini na tano, Bwana Garaway,
pua imebabuka, Kiswahili cha Tanga mfukoni,
kutujengea zahanati.
Wiki nzima hakuchora kitu.
Alikaa kiwanjani akichomeka vijiti
pale kivuli cha mtende kilipofika, saa baada ya saa,
na watoto wakipiga kelele: mzungu anapima giza!

Harub, fundi wetu, mzaliwa wa Tabora,
akamwambia, "Tutajengea saruji."
Mwingereza akakataa: hataki mifuko ya kiwandani.
Siku mbili wakanuniana,
hadi Harub alipomshika mkono akampeleka tanurini
kuuona udongo ukichomwa kwa magogo ya mitende.
"Hii. Saruji ya babu zangu. Yenu imeiba jina."
Mgeni akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi nilikuwa karani, nikishika daftari la mishahara.
Nilimwona siku ngazi ilipokwisha:
akapanda, akajikwaa, akashuka, akapima.
Cha tisa kimezidi vidole viwili.
Kosa ni la kalamu yake, si la mwiko wa Harub;
akalisema mbele ya vibarua wote,
kwa sauti.
Fedha za kubomoa hazikuwepo.

Miaka ishirini na sita, kisha barua.
Mwandiko unatetemeka. Hakuna habari ya stesheni wala bawa.
"Je, kile cha tisa kilirekebishwa?"
Nikamjibu: bado, bwana. Miguu yetu imekizoea.
Wauguzi hukipanda gizani, beseni mkononi.
Mgeni ndiye hujikwaa,
nasi tukajua nani wa kuletewa kahawa.

Sikupata jibu.

Juzi alikuja mwanamke wa makamo, kofia ya ukindu,
hakutaja jina mlangoni.
Nilikuwa ukumbini, ndani ya kivuli kile cha vijiti,
nikingoja dawa yangu ya presha.
Akapanda. Nikahesabu, kwa mazoea,
sita, saba, nane,
na hapo, bila kutazama chini,
akauinua mguu juu zaidi.

Nikaagiza kahawa hata hivyo.