Madini Joto

Jua la Katwe huchemsha ziwa mpaka chumvi ikaganda,
nami, Kabugho, nimesimama humo hadi magotini
nikitetemeka.

Sweta, mwezi wa pili! Watoto walicheka.
Nywele zikabaki kwenye kitana,
sauti ikakwaruza, hesabu ya magunia ikanipotea.
Wifi akasema uvivu.
Jirani akasema kuna mtu kazika jina langu.
Malaria hakuna. Mimba hakuna.
Kasese wakanipa panado, nikarudi kulala.

Kisha muuguzi wa zamu, Ithungu,
hakutazama cheti; alitazama shingo.
“Meza mate.” Nikameza.
“Nyumbani mwapikia chumvi gani?”

Nikacheka. Mimi, wa kuulizwa chumvi!
Hii tunayovuna. Ya paketi ya nini,
nami nalala ubavuni mwa magunia?

“Hiyo haina madini joto.”

Joto.
Neno lenyewe lilinishuka kooni kama chai.
Miaka mitatu namsaka aliyeniroga,
na sufuria ipo jikoni, imenyamaza.

Leo nimenunua paketi dukani,
nikaificha ndani ya leso kama mwizi:
mvuna chumvi kanunua chumvi.

Baridi haijaondoka.
Ila jioni hii, kwenye sweta,
nimefungua kifungo kimoja.