Bomba la Nne

Usiku wa tatu, kompyuta bado inahesabu.
Nimeligawa tanuri vyumba laki mbili,
kila chumba na joto lake, kasi yake, mvuke wake,
kila kimoja kinamuuliza jirani: kwako nyuzi ngapi?
Jibu linazunguka, linarudi, kosa linapungua.
Mbu wa ziwani, wale wasiouma,
wamejaa kwenye kioo
nami nawapangusa kwa kanga pamoja na desimali.

Hapa Nyakato tunapasua oili chafu,
ya malori ya Shinyanga, ya injini za mitumbwi pale Kirumba.
Inaingia nyeusi kama deni.
Ndani ya bomba minyororo mirefu ya kaboni
inaachiana mikono,
vipande vinatafutana, vinashikana upya,
vyepesi vinapanda, vizito vinabaki vikinung'unika.
Yote haya nimeyaandika. Milinganyo mia na kumi na miwili.
Harufu tu sikuiandika.

Mafuru, mchochea moto, hana mlinganyo.
Ana spana namba ishirini na nne.
Hupita asubuhi akigonga bomba moja moja,
sikio kalitega kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
"Nyamizi," aliniambia Jumatatu, "la nne linakohoa."
Nikamwonyesha picha: nyekundu, njano, buluu.
La nne lilikuwa zima kuliko yote.
Akaitazama kwa adabu,
kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa mwenzie.
"Nzuri," akasema. "Lakini linakohoa."

Jumatano umeme ukakatika, tanuri likapoa.
Jabali nyuma ya karakana halikupoa.
Lilimeza jua mchana kutwa;
usiku wa manane nikaliegemea
likanirudishia, mgongo mzima.
Ndipo nikashtuka:
nimeandika kinachopita,
sikuandika kinachobaki.

Tukalikata kwa msumeno.
Masizi, unene wa kidole gumba,
magumu, yanang'aa kama ngozi ya kamongo.
Tundu lililosalia halipitishi hata kalamu.
Mafuru hakusema niliyostahili kuambiwa.
Akapuliza vumbi, akauliza kama nimekula.

Leo nimeongeza mstari:
ukuta unanenepa kila saa, joto linakwama, chuma kinachoka.
Palitakiwa herufi moja ya masizi. Nikaandika jina.
Akainama, akasoma kwa kidole kwenye kioo:
mafuru sawa na sifuri nukta sifuri tatu.
"Huyu ni mimi?"
"Ni wewe."
Akanyamaza kidogo.
"Mbona umenianza kwa herufi ndogo?"